Gramu 90 za mrututu zimepotea ndani ya stoo iliyofungwa

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima mdogo wa kahawa huku Kibosho. Mwezi wa 11 nilinunua mrututu kilo moja nikachanganya na chokaa nikapiga bomba mbili za lita 15, kila bomba gramu 150, nikabakiwa na gramu 700, na nilizipima kabisa kwenye mzani wa mangi wa dukani. Nikaziweka kwenye mfuko wa kaki ndani ya kistoo kilichoungana na jiko la kuni, juu kabisa karibu na bati. Sasa masika inakaribia nimeshusha mfuko nakuta mrututu umepauka, vipande vya juu vimekuwa vyeupe vinatoa unga kama wa muhogo, na nimeenda kupima kwa mangi yule yule mzani ule ule nimekuta gramu 610. Ufunguo wa kistoo ninao mimi na kijana anayenisaidia shambani, basi. Sijamwambia kitu ila moyo umeingia doa. Mangi anasema dawa imekufa nguvu ninunue nyingine, jirani anasema niunyunyizie maji nifunge utarudi bluu. Alafu kwenye kifungashio wameandika 5H2O, yaani nimeuziwa maji? Mbona nilinunua kitu kikavu kabisa? Naomba unieleweshe."*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hayo mawazo. Nianze na hilo linalokuuma zaidi: kwa dalili ulizonipa huyo kijana hajachukua kitu. Gramu 90 zilizopungua ni maji, yametoka yenyewe kidogo kidogo kwa miezi yote ya joto yakaenda hewani, na kopa, yaani shaba iliyomo kwenye mrututu (mrututu ni salfeti ya kopa), uliyoiacha mle ndani mwezi wa 11 ipo yote. Mwizi akichota mrututu wa bluu anaacha mrututu wa bluu, haachi unga mweupe. Na dawa haijafa nguvu, tena ukipima gramu kwa gramu hiyo uliyonayo sasa ni kali kuliko ile uliyonunua, ndo maana nataka tuelewane vizuri kabla hujaingiza kwenye bomba.

Umeuliza maji yako wapi wakati ulinunua kitu kikavu, na hilo swali nimeulizwa na wanafunzi kila mwaka niliofundisha kemia hapa Moshi. Nilikuwa nawapa kijiko kidogo cha mrututu wa bluu uliokauka vizuri, unaugusa haulowanishi mkono, tunautia kwenye tyubu ya kioo tunaipasha moto taratibu huku tumeilaza kidogo. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Alafu huku juu kwenye shingo ya tyubu, mahali palipo baridi, linaanza kutokea ukungu, ukungu unakuwa matone, na chini bluu inaanza kufifia kuanzia pembeni kuelekea katikati mpaka inabaki nyeupe kama chaki. Yale matone ni maji halisi. Hakuna aliyeyamwaga mle, yalikuwa ndani ya mrututu muda wote. Darasa zima linanyamaza hapo, kila mwaka.

Sasa ndani yamekaaje? Watu wengi wanafikiria kama sponji, kwamba kuna vitobo na maji yamejificha humo. Hapana. Mrututu ni fuwele, na fuwele maana yake chembe zake zimejipanga kwa mpangilio mmoja unaojirudia toka mwanzo hadi mwisho wa kipande. Kila chembe ya kopa inazungukwa na molekuli nne za maji zimeishikilia, na molekuli ya tano imekaa pembeni inashikana na upande wa salfeti. Tano, sio nne na nusu wala tano na ushee. Ndo hiyo 5H2O uliyoisoma kwenye kifungashio, na kwa Kiswahili tunayaita maji ya fuwele. Fikiria kifodi cha Arusha, kuna abiria waliokaa kwenye siti na kuna wale waliong'ang'ania mlangoni. Unyevu wa kawaida, mfano mrututu ulionyeshewa, ule ni abiria wa mlangoni, leo wapo kumi kesho wawili, ukianika juani wanashuka wote. Maji ya fuwele ni abiria wa siti, wamehesabiwa, na wakishuka gari lenyewe linabadilika umbo, kwasababu ile bluu yenyewe inatokana na maji kuizunguka kopa. Yakianza kutoka bluu inapauka na fuwele inavunjika inakuwa unga, ndo huo unaouona kama wa muhogo, na yakitoka yote bluu inaondoka kabisa.

Na sio mrututu peke yake ndugu yangu, hii kitu tunaishi nayo kila siku huku kwetu. Magadi yanayotoka Ziwa Natron, yale unayotia kwenye kiburu maharage yalainike, na yenyewe ni chumvi yenye maji ya fuwele, karibu gramu 16 katika kila gramu 100, na unayashika makavu kabisa. Jasi inayochimbwa Makanya kule Same ni hivohivo, maji yake ni kama gramu 21 katika 100. Ukiichoma kwa kiasi, nyuzi kama 150, robo tatu ya hayo maji inatoka unabaki na ule unga mweupe wa plasta, alafu ukiurudishia maji unayashika upya unakuwa jiwe. Kama umewahi kuvunjika mkono ukafungwa hogo ya plasta utakumbuka ile hogo inapata joto kabla haijakauka, lile joto ni maji yanarudi kwenye nafasi zake. Na chumvi ya Epsom wanayotumia wakulima wa mboga kuongeza magnesi, ile ina maji ya fuwele mengi kuliko chumvi yenyewe, gramu 51 katika kila gramu 100.

Kwahiyo hujaibiwa na aliyetengeneza. Mrututu wa bluu katika kilo moja una gramu 361 za maji, ndivyo ulivyo duniani kote, na kiwango cha kopa kinachoandikwa pale, kama asilimia 25, kimeshahesabu hayo maji ndani. Hata kile kipimo chako cha gramu 150 kwa lita 15 kimepangwa kwa mrututu wa bluu pamoja na maji yake. Ila kuna mahali hii kitu inaweza kukugharimu hela kweli, na hapo naomba usome taratibu. Salfeti ya zinki wanayopulizia kwenye kahawa inauzwa ya aina mbili, moja ina molekuli saba za maji na kiwango chake cha zinki ni kama asilimia 22, nyingine ina molekuli moja na inafika asilimia kama 36 ikiwa safi. Zote nyeupe, zote kavu, mifuko inafanana. Ukilinganisha bei ya kilo kwa kilo utaona ya saba ni rahisi unafurahi, kumbe umebeba maji kutoka mjini mpaka Kibosho. Usilinganishe kilo, linganisha asilimia ya zinki iliyoandikwa kwenye kibandiko, na ikiwa haijaandikwa muulize muuzaji, akishindwa kukujibu nenda duka jingine.

Turudi kwenye mfuko wako. Kwanini mrututu wako umepoteza maji na wa mangi dukani bado ni bluu? Wa mangi umefungwa kwenye plastiki. Wako ulikuwa kwenye karatasi, chini ya bati, pembeni ya jiko la kuni, kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 2 ambapo huku hewa inakuwa ya moto na kavu. Kila chumvi yenye maji ya fuwele ina namna yake ya kuvutana na hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha maji yanatulia kwenye siti zake, hewa ikikauka sana au joto likipanda, maji yanaanza kushuka. Kwa mrututu molekuli mbili za kwanza ndo zinatoka kirahisi, mbili zinazofuata zinahitaji joto la kama nyuzi 100 na kitu, na ile ya mwisho iliyoshikana na salfeti haitoki mpaka kwenye nyuzi 200. Jiko lako halifiki huko.

Na angalia hesabu inavyokubali. Katika gramu 700 za mrututu, ukitoa molekuli mbili kati ya tano kwenye kila kipande, unapoteza gramu 101. Wewe umepoteza 90. Yaani karibu mrututu wako wote umeshusha abiria wawili, umebaki na watatu, isipokuwa vipande vya chini ya mfuko ambavyo nina hakika ukivipasua katikati utakuta bado bluu imekolea. Hata ungekauka kabisa hadi tone la mwisho, gramu 700 haziwezi kushuka chini ya 447. Hiyo ndo mipaka. Ungeniambia umekuta gramu 400 hapo ningekwambia kuna mkono wa mtu. 610 yenye unga mweupe hainionyeshi mkono wa mtu, na umefanya jambo la maana sana kupima mzani ule ule mara zote mbili, bila hivo tusingejua kitu.

Ufanyeje nao? Mimi ningeutumia. Ukishaingia kwenye maji, mrututu mweupe na mrututu wa bluu ni kitu kilekile, kopa inazungukwa na maji ya ndoo badala ya yale yaliyotoka, na bluu inarudi palepale mbele ya macho yako. Tofauti ni uzito tu. Zile gramu 610 zina kopa ya gramu 700, kwahiyo mahali ulipokuwa unapima gramu 150 sasa pima kama 130 kwa bomba la lita 15. Changanya mfuko wote vizuri kwanza, weupe na bluu viingiane, maana ukichota juu tu utapata ule uliokauka zaidi na kipimo kitazidi. Ukiendelea na 150 kama kawaida utakuwa umezidisha kopa kwa kama asilimia 15, na chokaa haitatosha, na kopa isiyotulizwa na chokaa inaunguza majani na matunda machanga. Alafu usipime leo ukatumia mwezi ujao. Mvua zikianza mfuko wa karatasi utaanza kuvuta maji tena kutoka hewani uzito upande, kwahiyo pima upya siku ile ile ya kupiga na ufanye hesabu upya: gramu utakazokuta kwenye mfuko mzima kabla hujachota kitu, gawanya kwa 700, zidisha kwa 150.

Ushauri wa jirani sio wa uongo, ukinyunyizia maji kweli utarudi bluu. Ila hutajua umetia kiasi gani, ukizidisha kidogo unapata jiwe moja gumu lililoganda kwenye mfuko ambalo hata kulipima ni shida, na mwishowe unaenda kuliyeyusha kwenye maji hayohayo. Sasa faida ni nini? Kama ni kuuhifadhi, hamishia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, sio la bati, utakaa hata mwaka kesho. Kununua mwingine kama mangi anavyosema ni halali yako, hela ni yako, ila sababu yake ya kufa nguvu haipo. Dawa nyingine za shambani zinachakaa kweli kwasababu molekuli zake zinavunjika, kopa haivunjiki, kopa ni kopa hata miaka 100. Na usithubutu kuukaanga kwenye sufuria eti uukaushe wote uwe sawasawa. Kuna mwaka darasani kundi moja waliongeza moto sana wakaondoka, waliporudi ule weupe umekuwa mweusi na chumba kimejaa moshi unaokaba koo. Hapo tena sio maji yaliyotoka, ni salfeti yenyewe imevunjika, na cheusi kile hakirudi bluu hata ukimwagie debe.

Kwenye kuchanganya sina mengi maana inaonekana unajua. Ndoo mbili za plastiki, mrututu peke yake hadi uyeyuke wote, chokaa peke yake, vyote viwe na maji ya kutosha, alafu mimina mrututu kwenye chokaa huku unakoroga, tumia siku hiyohiyo. Ndoo ya bati au ya chuma hapana, kopa itang'ang'ania chuma na chuma kitaliwa. Ukitaka kujua kama chokaa imetosha chovya msumari mpya uliousugua na msasa, subiri dakika chache, ukitoka na rangi nyekundu ya shaba bado kuna kopa huru, ongeza chokaa. Msumari ukitoka safi endelea. Msumari huohuo unakusaidia siku ukitilia shaka mrututu dukani: yeyusha kidogo kwenye maji bila chokaa, uchovye, usipopata rangi ya shaba kabisa hiyo sio kopa, hasa kama maji yana ukijani badala ya bluu.

Na hii ya wizi imenikumbusha kitu nikupe tu. Huu mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulitokea Ufaransa, upande wa Bordeaux. Wakulima wa zabibu walikuwa wanaumwagia kwenye mizabibu ya kando ya barabara ili wapita njia waone rangi ya ajabu waogope kuchuma. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea, Millardet, akaona ile mizabibu ya barabarani haina ugonjwa wa ubwiri vinyoya wakati ya ndani imeliwa majani yote, akafanya majaribio na mwaka 1885 akatangaza. Kwahiyo kipimo chako cha Kibosho kina mizizi kwa watu waliokuwa wanalinda shamba dhidi ya mikono ya watu.

Kuna jambo moja katika barua yako limenishtua kuliko hizo gramu. Mrututu umekaa miezi mitatu kwenye karatasi, pembeni ya jiko mnalopikia chakula, ukitoa unga. Utoe leo. Huu ni sumu, ukimezwa unaunguza tumbo na ukizidi unaharibu ini na figo, na rangi yake ya bluu inavutia watoto wanadhani pipi. Mtoto akimeza, au mtu mzima, atatapika na matapishi yanaweza kuwa na rangi ya bluu au kijani, usimlazimishe kutapika zaidi, usimpe maziwa ukakaa nyumbani kusubiri, mpeleke hospitali mara moja na ubebe kifungashio. Ukiingia machoni osha kwa maji mengi safi yanayotiririka dakika 15 na zaidi, alafu hospitali hata kama maumivu yamepungua. Na unga mweupe ni mbaya zaidi kuliko punje za bluu kwa sababu unapeperuka, na ukikuta unyevu wa jicho au wa pua unachukua maji palepale na kutoa joto. Unapopima funika pua na mdomo, vaa glavu na miwani, simama upepo ukiwa mgongoni. Najua kuna wazee wanautumia kwenye vidonda, naomba hilo liachwe.

Hujaniambia unapigia ugonjwa gani. Kama ni chulebuni au kutu ya majani, kopa inakinga, haiponyi tunda lililokwishaoza, kwahiyo muda wa kupiga ni muhimu kuliko hata gramu 20 tunazobishania hapa. Kabla mvua hazijashika chukua tawi lenye majani na matunda yenye dalili, umwone afisa ugani wa kata, au panda mpaka TaCRI, kituo cha utafiti wa kahawa, pale Lyamungo sio mbali na wewe, wakuangalizie kwa macho yao kama ni ugonjwa unaodhania na kama kopa ya viwandani iliyosajiliwa haitakufaa zaidi kuliko kujichanganyia. Waulize na miche yao inayostahimili chulebuni na kutu, kwa shamba dogo hiyo ndo nafuu ya muda mrefu. Mimi wa kemia nakwambia kilichomo mfukoni, mti wenyewe unahitaji mtu aliyesimama chini yake.

Alafu fanya hivi jioni ya leo. Chukua kisosi cha zamani ambacho hakitarudi jikoni, weka kijiko kimoja cha ule unga wa juu kabisa, mweupe zaidi. Muite huyo kijana akae na wewe, avae glavu, mpe chupa ya maji yeye ndo adondoshe, matone matatu manne pole pole. Mtaona doa la bluu linafunguka chini ya tone na kutambaa kwenye weupe, na ukigusa kisosi kwa chini utasikia kajoto kidogo. Mwambie hayo ndo maji yaliyokuwa yamepotea stoo.